Maktaba inayonuka siki

Ndugu zangu wa Mbeya wakisikia nafanya kazi kwenye maktaba ya shule ya msingi huku Des Moines, Iowa, wanadhani nimepata kazi ya kukaa. Wanaiona maktaba ile tuliyoijua sisi: kabati la vitabu ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, kufuli juu yake, na funguo anazo mwalimu mmoja ambaye kila ukimtafuta unaambiwa amekwenda mjini. Waje waone. Jumatatu yangu huanza kwa kubeba trei za mayai, galoni za siki na ndoo ya maji, na ikifika saa nane mchana zulia limeshamwagiwa kila kitu isipokuwa wino.

Mimi ni msaidizi tu. Mwenye maktaba yake ni mwalimu mkutubi, aliyesomea ualimu na ukutubi pia, na ana vipindi vyake kwenye ratiba sawasawa na mwalimu wa hesabu. Kila darasa, chekechea hadi la tano, huingia maktaba mara moja kwa wiki. Sehemu ya kwanza ya kipindi ni mikono, ya pili ni vitabu. Hana mjadala kwenye mpangilio huo. Ukianza na kitabu, anasema, mtoto ameshapewa jibu, na jaribio linageuka kuwa maigizo. Acha kwanza ashangae, abishane na mwenzake, kisha mwambie kuna kitabu pale rafu ya tatu. Atakifuata mwenyewe.

Nami nilikuja na akili ya kwetu, kwamba maktaba ni mahali pa kunyamaza. Sayansi nayo tuliisoma kwa kuiimba. Mpaka leo niamshe usiku wa manane nikutajie maana ya usanisinuru bila kukosea hata neno, na sikumbuki kama kuna siku mwalimu alitutoa nje kutazama jani. Kitu pekee tulichokishika kwa mikono kilikuwa maharage kwenye pamba ndani ya kopo, na hayo nayakumbuka vizuri kuliko madaftari yote.

Basi tuje kwenye mayai. Unachukua yai bichi, unaliweka kwenye gilasi, unamimina siki mpaka lizame, basi. Kabla ya kumimina, kila mtoto anaandika kwa penseli anachokisia. Mmoja aliandika kwamba yai litaiva. Mwingine, kwamba kifaranga kitakasirika. Siki inapoligusa ganda, viputo vidogo vinaanza kupanda, kwa sababu asidi iliyomo inakula kalisi kaboneti ya ganda na kutoa hewa ya ukaa. Baada ya siku moja au mbili ganda limekwisha, umebaki utando laini. Ukilimulika yai kwa tochi, unakiona kiini cha njano kikiogelea ndani.

Utamu wa jambo hili umeletwa na ratiba, wala hakuna aliyeupanga. Kwa kuwa kila darasa lina siku yake, wa Jumatatu ndio wanaoweka yai kwenye siki na kuondoka. Wa Jumanne wanakuta viputo. Wa Jumatano wanakuta yai halina ganda, na wao ndio wanaolihamishia kwenye shira ya mahindi, ambayo hapa Iowa haiwezi kukosekana. Wa Alhamisi wanalikuta limesinyaa, maji yametoka ndani ya utando kuifuata shira. Wa Ijumaa wanalitia kwenye maji matupu na linaanza kuvimba tena. Hakuna darasa lililoona hadithi nzima. Matokeo yake, kwenye foleni ya chakula watoto wa darasa la pili wanawakimbilia wa darasa la nne kuwauliza yai limefikia wapi, na wa darasa la nne wanajibu kwa maringo ya mtu aliyetoka safari. Wiki hiyo vitabu kuhusu mayai, ndege na nyoka havikai rafuni.

Rafu zenyewe zimepangwa kwa namba za Melvil Dewey, Mmarekani aliyechapisha mpango wake mwaka 1876. Sayansi inaanzia 500. Watoto hawamjui Dewey ni nani, lakini namba zake wanazo kichwani: sayari 523, volkano na hali ya hewa 551, wadudu 595.7, na mfalme wa zote, 567.9, dainosaria. Kuna mvulana wa darasa la pili ambaye nina hakika hajui namba ya nyumba yao, ila 567.9 anaiendea macho yamefumbwa. Kusoma bado kunamsumbua. Lakini jina la dainosaria lenye silabi sita analisoma moja kwa moja, tena akinisahihisha mimi.

Nisiwadanganye kwamba kila jaribio linazaa msomaji. Kuna wiki za ule uteute wa gundi wa kuvutavuta, ambao watoto wanaupenda mno na hauwapeleki kwenye kitabu chochote. Wanaondoka nao kwenye nywele. Kuna masanduku ya roboti za plastiki yaliyonunuliwa kwa pesa nyingi ambazo mimi ningenunulia vitabu. Betri zinakwisha, kipande kimoja kinapotea chini ya kabati, sanduku zima linakuwa takataka. Siki haina betri.

Theluji nayo ni bure. Ikianza kudondoka kavu na taratibu, mwalimu mkutubi anaacha alichokuwa anafanya na kuwatoa watoto uani, kila mmoja na kipande cha kitambaa cheusi na lenzi ya mkono. Siri iko kwenye kitambaa: lazima kilale kwenye friza kwanza, la sivyo chembe ya theluji inayeyuka kabla hujaiinamia. Na ukiinama, bana pumzi, maana joto la mdomo wako linatosha kuiua. Nilipoiona kwa mara ya kwanza ile nyota ya pembe sita, kila pembe na vitawi vyake, imelala juu ya kitambaa cheusi, nilisema "Mungu wangu" kwa Kiswahili na watoto wakaicheka sauti yangu.

Tukirudi ndani wanasomewa habari za Wilson Bentley, mtoto wa mkulima wa Jericho, Vermont, ambaye mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya fuwele moja ya theluji. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa amepiga zaidi ya 5,000. Majirani walimwona anapoteza muda. Watoto hapo huuliza swali lilelile kila mwaka: kwa nini sita, si tano? Ndipo unawapeleka 551, wakasome jinsi molekuli za maji zinavyoshikana zikiganda, zikijipanga kwa pembe sita.

Habari hiyo ya Bentley ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikamwambia mwalimu mkutubi, sisi kwetu tuna wetu. Alilijua jina, "athari ya Mpemba", yaani maji ya moto kuganda kabla ya yale ya baridi, alikutana nalo chuoni. Hakujua kwamba Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Akaniachia kipindi kizima cha darasa la tano.

Nikawaonyesha Lushoto kwenye ramani. Nikawaambia mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa anasoma Magamba, na wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unakoroga sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaingiza kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaamua kutochemsha kabisa, akaingiza maziwa yake hivyohivyo. Mpemba, asije akakosa nafasi, akaingiza yake yakiwa moto. Baadaye akakuta yake yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza lilelile, darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka. Akarudi Dar, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Watoto walitaka kujua mambo mawili: kwa nini wenzake walimcheka, na aiskrimu ilikuwa ya ladha gani.

Januari ya Iowa ni friza isiyohitaji umeme. Tukapanga vikombe vinavyofanana juu ya benchi la mbao uani, maji kiasi kilekile, kila kundi na kikombe cha baridi na cha moto. Ya moto aliyamimina mwalimu mwenyewe. Walimu wakatazama dirishani kwa zamu kwa sababu nje hapakaliki. Kundi la kwanza kurudi ndani likiruka lilikuwa na binti wa Kikongo, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, akanipigia kelele kwa lugha ya mama yake: "Mayi ya moto njo iliganda mbele!" Kundi la pili likaja na kinyume chake. La tatu halikuelewana lenyewe: mmoja anasema kuganda ni utando wa juu, mwingine anasema mpaka kikombe kizima kiwe jiwe.

Hapo ndipo mwalimu mkutubi aliponifurahisha. Hakuwapa jibu. Aliwaambia hata wakubwa wanabishana: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa makini na kusema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo hutokea, na kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo, matokeo yanabadilika. Wengine bado wanalitetea. Mvulana mmoja wa Kikareni, jamii ya kutoka Myanmar, ambaye kwa kawaida hata salamu hupokea kwa kichwa, akasema kikombe chenu kilikuwa karibu na ukuta, cha kwetu kilipigwa na upepo. Wakadai kurudia, vikombe vibadilishane nafasi. Sijui ni somo gani la sayansi lingeweza kuwapa zaidi ya hapo. Sisi wa usanisinuru hatukuwahi kuambiwa kwamba vitabu viwili vinaweza kupingana, vyote viwili vikiwa na haki ya kukaa rafuni.

Sasa neno kwa wazazi wenzangu tulio huku. Shule nyingi za hapa huwa na jioni ya familia, kusoma pamoja na sayansi, maktaba iko wazi na pizza ipo. Watu wetu hawaji, na sababu nazijua, hata mimi nimewahi kufanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Zamu imeingiliana, au umelala kwa saa tatu tu, au unaona Kiingereza chako hakitoshi. Hilo la mwisho liondoeni. Yai ndani ya siki halihitaji Kiingereza.

Jioni moja tulikuwa na kabichi ya zambarau. Ukiichemsha, maji yake yanakuwa kipimo: ukitia limao yanageuka waridi, ukitia soda ya kuokea yanaelekea bluu na kijani. Mama wa yule binti alikuja ametoka kazini moja kwa moja, hajavua hata koti, akakaa kiti cha nyuma. Alitazama rangi zikibadilika, kisha akaniita pembeni. "Dada, majivu mumejaribu? Kwetu tunatiaka mayi ya majivu mu maharagi, ili iive mbio." Nikamtafsiria mwalimu. Majivu hatukuwa nayo siku hiyo, ila kuna mwalimu wa darasa la tatu mwenye jiko la kuni nyumbani, akaleta kopo. Juma lililofuata tukayaloweka, tukayachuja kwa karatasi ya kahawa, tukadondoshea kwenye maji ya kabichi. Kijani, tena kijani kali kuliko ya soda. Binti alisimama mbele ya darasa akaeleza maharage ya bibi yake yanavyopikwa, na mara hii nilikuwa mkalimani wake kwa maneno machache tu, mengine aliyamaliza mwenyewe kwa Kiingereza.

Alipomaliza, wenzake walitaka kitabu kinachoeleza majivu na maharage. Tulikikosa. Tukapata cha asidi na alkali, kikachukuliwa na mwingine kabla binti hajakifikia.

Ndiyo maana naandika. Mama yake ameshaniuliza kama na yeye anaweza kuazima, na mwalimu mkutubi amesema anaweza. Anachotaka ni kitabu cha kusoma na mtoto kwa Kiswahili, chenye mambo ya aina hii ndani. Hadithi tunazo: tunachapa zile za African Storybook, zinapatikana bure mtandaoni, tunazibana pini na watoto wanazipaka rangi. Katuni za Ubongo Kids kutoka nyumbani nazo tumeonyesha na zimependwa. Lakini kitabu cha sayansi cha Kiswahili, cha mtoto wa darasa la pili au la tatu, chenye picha nzuri, kisicho cha kukariri kwa ajili ya mtihani, bado nakitafuta. Ukikijua, iwe kimechapwa Dar, Nairobi, Zanzibar au popote, nitajie jina lake na kinapouzwa. Nauli ya kukisafirisha nitaibeba mimi.