Chupa ya Dawa, Simu na Bastola

Kwa muda sasa nimekuwa nikibishana na nafsi yangu kuhusu sheria za bunduki, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tunamaliza nguvu zetu kwenye swali la nani anastahili kumiliki silaha, ilhali hatuulizi silaha yenyewe imeundwaje na usiku inalala wapi. Swali la kwanza silidharau. Ila mtu mwema naye hupatwa na siku mbaya, huwa na watoto, na huibiwa.

Fikiria kifuniko cha chupa ya vidonge, kile ambacho usipokikandamiza chini kwa kiganja huku unakizungusha, huzunguka bure na kutoa mlio kana kwamba kinakucheka. Marekani iliweka sheria ya vifuniko vya aina hiyo mwaka 1970, na namna vinavyopimwa inanipendeza. Watoto wa umri wa takriban miaka minne hupewa chupa na kuachwa wahangaike nayo kwa dakika 5, kisha mtu mzima huwaonyesha inavyofunguliwa, nao hupewa dakika 5 nyingine. Kifuniko hupasishwa iwapo angalau asilimia 85 yao wameshindwa kukifungua kabla ya kuonyeshwa, na asilimia 80 wameshindwa hadi mwisho. Watu wazima pia hupimwa, ili ihakikishwe kwamba wao wanakiweza. Hakuna aliyechukulia sheria hiyo kuwa tusi kwa wazazi. Ilikubalika tu kwamba hakuna mzazi awezaye kukodoa macho saa zote.

Sheria hiyo husimamiwa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, chombo kilichoundwa mwaka 1972, ambacho hukagua vitanda vya watoto, viberiti vya gesi, na hata bunduki za kuchezea. Bunduki ya kweli hakiigusi. Mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo lilikiwekea mpaka kisheria, kwamba kisipange kanuni yoyote kuhusu bunduki wala risasi, na mpaka huo upo hadi leo. Naelewa siasa zilizouzaa, na najua pia kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791 yanalinda haki ya kumiliki silaha. Bado sijaona ni wapi haki hiyo inapodhurika silaha ikikaguliwa kama inavyokaguliwa kiberiti.

Simu yangu, ambayo haiwezi kumuua mtu, hujifunga nikiiacha mezani kwa dakika moja na hukataa kufunguka mpaka itambue kidole changu. Kidole kikiwa na maji hunikana kana kwamba hatujawahi kuonana. Tumeuzoea usumbufu huo kwa ajili ya picha na salio la benki. Bastola ya kawaida haimtambui mtu. Humtii mwenyewe, mwizi na mtoto kwa usawa.

Watu wa afya ya jamii wana neno la kutuambia hapa, na naona hatuwasikilizi vya kutosha kwa sababu mauaji ya halaiki ndiyo yanayotangazwa, ilhali nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua. Wengi hudhani kwamba aliyekusudia kujiua atapata njia nyingine tu. Ushahidi hauendi hivyo. Jeshi la Israeli lilipobadilisha utaratibu mwaka 2006, likawataka askari waache silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma, idadi ya askari waliojiua ilishuka kwa karibu asilimia 40, na upungufu huo ulionekana hasa siku za mwisho wa juma. Wimbi la kukata tamaa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na anayelivuka bila silaha karibu naye ana nafasi kubwa ya kuendelea kuishi.

Ndiyo maana katika mageuzi ya Australia ya mwaka 1996, yaliyofuata mauaji ya watu 35 huko Port Arthur, kinachonivutia zaidi si zile bunduki zaidi ya 600,000 ambazo serikali ilizinunua na kuziharibu, ingawa ndizo zinazosimuliwa daima. Navutiwa na masharti mawili yasiyo na mbwembwe: kusubiri siku 28 kabla ya kupata kibali cha kununua bunduki, na kuihifadhi mahali palipofungwa. Yote mawili yanamnunulia mtu muda.

Mwaka huohuo Marekani ilielekea kwingine. Kifungu kilichopachikwa na mbunge Jay Dickey kilizuia fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, zisitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki, na watafiti, kwa kuhofia kukanyaga mpaka huo, wakajitenga na somo zima kwa zaidi ya miaka 20. Dickey mwenyewe alikuja kugeuza msimamo wake hadharani mwaka 2012. Fedha mahususi za utafiti, dola milioni 25, zilitengwa tena mwishoni mwa 2019.

Hata hivyo siamini kwamba teknolojia peke yake itatuokoa. Jimbo la New Jersey lilipitisha sheria mwaka 2002 kwamba bastola zinazomtambua mwenyewe zikianza kuuzwa popote nchini, baada ya miaka mitatu maduka ya jimbo hilo yasiuze bastola za aina nyingine. Matokeo yake wapinzani walihakikisha kwamba haziuzwi popote, na sheria ikalazimika kulegezwa mwaka 2019. Pingamizi la kwamba betri huisha na kidole chenye jasho hukataliwa nalo nalikubali, kwa kuwa simu yangu ni shahidi. Lakini kasha la chuma lenye kufuli halihitaji betri, na jimbo la Massachusetts limewataka wamiliki wafungie silaha zao tangu mwaka 1998. Wanaosema kufuli litawachelewesha wao kuichukua silaha jambazi akivunja mlango wana hoja, na siwezi kuwaambia kwamba hawatachelewa. Ninachowauliza ni nani mwingine katika nyumba hiyo atakayecheleweshwa, na kwa usiku mingapi ambayo jambazi hakuja.