Tikka T3x Lite: wepesi unaolipiwa begani

Wanaotafuta bunduki ya kuwindia ya bolti (komeo unalovuta kwa mkono kila baada ya risasi) iliyo nyepesi na isiyokausha mfuko, mara nyingi huishia kwenye Tikka T3x Lite. Inatengenezwa na Sako mjini Riihimäki, Finland. T3 ya kwanza ilitoka mwaka 2003, na T3x ikafuata mwaka 2016 ikiwa na marekebisho nitakayoyagusa hapa chini. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 2.8 hivi, zikipungua au kuongezeka gramu kadhaa kulingana na kaliba, yaani aina ya risasi inayotumia. Funga darubini ya gramu 400, pete zake, mkanda na risasi tatu, utakuwa umebeba kilo 3.5. Kwa mtu anayepanda vilima au kufuata nyayo mchana kutwa, tofauti kati ya hiyo na bunduki ya kilo 4.5 inaonekana vizuri sana ikifika saa tisa alasiri.

Lakini kilo zilizopungua mkononi zinadaiwa mahali pengine. Chukua kaliba ya .308 yenye kichwa (kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama) cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mwendo wa mita 860 kwa sekunde. Kwenye bunduki ya kilo 4.5 teke lake, yaani nguvu inayorudi begani, ni jouli 18 hivi. Kwenye hii ya kilo 3.5 ni jouli 23, risasi ikiwa ile ile. Sasa weka .300 Winchester Magnum katika mwili huu mwepesi: unavuka jouli 40. Kampuni inaiuza hivyo, na wapo wanaoinunua, ila ushauri wangu ni kuiacha dukani. Mtu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, halafu analaumu darubini. 6.5 Creedmoor, 7mm-08 na .308 ndizo zinazoendana na bunduki hii. .30-06 iko mpakani.

Kwenye T3x waliweka mpira mpya wa kitako, laini kuliko ule wa T3, na wakajaza sponji ndani ya kitako cha plastiki, ambacho zamani kilikuwa kitupu na kikigusa tawi kinalia hadi mnyama anainua kichwa. Sponji imesaidia. Haijamaliza kabisa.

Uzuri wake mkubwa ni bolti. Unaiinua nyuzi 70 tu, kwa hiyo mkono haugongi darubini, na inateleza bila kukwaruza hata ikiwa mpya kabisa. Wenye bunduki za bei mara mbili huishika, wakaivuta na kuirudisha, wakanyamaza. Kifuniko cha nyuma ya bolti kilikuwa cha plastiki kwenye T3, na kwenye T3x ni cha chuma. Chini yake kuna alama nyekundu inayojitokeza bunduki ikiwa imekokiwa, yaani tayari kufyatuka. Gizani unaipapasa kwa kidole gumba. Sefti, kile kizuizi cha kufyatua kwa bahati mbaya, ina nafasi mbili tu, na ikiwa imefungwa bolti nayo haifunguki. Maana yake ni kwamba kutoa risasi chemba lazima uondoe sefti kwanza. Mtutu uelekezwe ardhini mahali salama, kidole kiwe mbali na triga, kila mara.

Triga ni ya hatua moja, unaipunguza au kuiongeza kati ya kilo 1 na 2. Kwa mawindo kilo 1.3 hadi 1.5 inatosha, ukishuka zaidi, vidole vilivyoganda kwa baridi havitaisikia. Ukimaliza kurekebisha, hakikisha bunduki haina risasi, koki, kisha gonga kitako mara kadhaa kwa nyundo ya mpira, sefti ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Ikijifyatua hata mara moja, kaza skrubu ya triga na urudie upya.

Kuna sehemu moja ambayo wengi hukosea, nayo ni kuivua na kuirudisha kwenye kitako. Tikka haina kigingi cha teke (kinachozuia mwili kusogea nyuma ndani ya kitako) kilichochongwa pamoja na mwili wa bunduki. Kuna kibamba kidogo kinachokaa ndani ya kitako na kuingia kwenye mfereji uliochongwa chini ya mwili. Kwenye T3 kibamba kilikuwa cha alumini, na kwa kaliba kubwa kilibonyea. Kwenye T3x ni cha chuma. Ukitenganisha, kinaweza kudondoka bila wewe kuona. Kirudishe kwanza, laza mwili juu yake, ingiza skrubu zote mbili kwa ufunguo wa nyota T25 bila kukaza. Sasa isimamishe bunduki wima, kitako chini, uigonge kidogo kwa kiganja ili mwili ushuke na kukaa nyuma kabisa dhidi ya kibamba. Hapo ndipo unakaza: ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, karibu Nm 5 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukikaza ikiwa imelala mezani, risasi chache za kwanza zitausogeza mwili wenyewe, na zero (mlingano wa darubini na mahali risasi inapotua) itahama. Watu wamebadilisha darubini nzima kwa tatizo la skrubu mbili.

Darubini inakaa kwenye reli ya milimita 17 iliyochongwa juu ya mwili, au kwenye matundu ya skrubu ukipenda kufunga reli ya Picatinny, ile yenye meno. Chagua pete fupi. Kitako hiki kimenyooka, na darubini ikiwa juu sana shavu linaelea. Umbali wa jicho usiwe chini ya sentimita 9, maana bunduki nyepesi hurudi kwa kasi, na anayelala kifudifudi akipiga kuelekea mlimani ndiye hupasuka nyusi. Lite ya kawaida haina shabaha za chuma, kwa hiyo darubini ikifa porini umebaki na gongo.

Usahihi? Kiwanda kinaahidi risasi 3 ndani ya dakika 1 ya nyuzi, yaani milimita 29 kwa mita 100, na nyingi hufanya hivyo kwa risasi za dukani. Ila ni risasi tatu, si kumi. Mtutu wake ni mwembamba na unapata moto haraka. Piga tatu, fungua bolti, subiri hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuhisi joto, ndipo uendelee. Ukipiga mfululizo matundu yanaanza kutambaa, na ukifuata matundu hayo kwa kuzungusha vitufe vya darubini utakuwa umeweka zero ya mtutu wa moto, wakati mnyama unampiga kwa mtutu baridi.

Ukiegemeza bunduki kupiga, mfuko wa mchanga uwe chini ya kitako cha mbele, karibu na magazini, kamwe si chini ya mtutu. Hakikisha pete ya mkanda haigusi mfuko. Bunduki ikirudi, pete inajikwaa na mdomo unaruka. Kitako cha mbele chenyewe kinapinda: ukifunga kiegemeo cha miguu miwili mwishoni na kukiegemea kwa nguvu, plastiki inaukaribia mtutu. Pitisha noti kati ya mtutu na kitako bunduki ikiwa imeegemezwa vile vile utakavyopiga. Noti ikikwama, punguza kuegemea. Na usiiache ijirukie: mkono wa kushoto uushike mbele kwa uthabiti, kitako kikae begani sawasawa. Bunduki nzito inamsamehe mvivu, hii haisamehi.

Kwa .308 niliyoitaja, matundu yakiwa sentimita 4 juu kwa mita 100, utakuwa sentimita 5 hivi chini kwa mita 200. Kati ya hapo lenga katikati ya kifua nyuma ya bega, usifanye hesabu.

Huko Finland kazi yake kuu ni elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na sheria ya huko inaeleza kwa nini uchaguzi wa risasi ni muhimu kuliko jina la kaliba. Kichwa cha gramu 9 hadi 10 lazima kiwe na jouli 2700 kwa mita 100. Kikifika gramu 10 zinatosha jouli 2000. Kichwa cha 6.5 cha gramu 9.1 kinaponea chupuchupu au kinafeli, lakini cha gramu 10.1, kinachokwenda polepole zaidi, kinapita bila shida. Mikondo ndani ya mtutu wa 6.5 Creedmoor huzunguka mara moja kila inchi 8, kwa hiyo inakizungusha na kukituliza vizuri. Mwindaji naye hupimwa: risasi 4 kwa mita 75 ndani ya duara la sentimita 23, bila kuegemea, na cheti hudumu miaka 3. Wengi hufunga sailensa. Ukifanya hivyo, weka zero upya. Gramu 400 kwenye ncha ya mtutu mwembamba huhamisha matundu, na ukiivua yanarudi yalikokuwa.

Kenya mawindo yamepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo habari hii ni ya Tanzania zaidi, kwa mwenye vibali vyote. Kwa swala pala, tohe, ngiri na kongoni, .308 katika mwili huu inatosha. Nyati ni kazi ya .375 kwenda juu, na bunduki nyingine kabisa. Adui wa Tikka bara ni vumbi. Mafuta mengi kwenye bolti yakichanganyika na vumbi yanakuwa tope la kusaga chuma. Futa hadi ibaki unyevu tu. Pwani chukua ya chuma kisichoshika kutu, na usiiache ndani ya ala ya ngozi usiku.

Magazini ya plastiki hubeba risasi 3, na haijazwi kutoka juu ikiwa ndani ya bunduki. T3x ina tundu pana zaidi la kutolea maganda, kwa hiyo unaweza kudondosha risasi moja moja chembani. Magazini yenyewe isukume hadi ishike, kisha ivute kuthibitisha. Nunua ya akiba mapema, bei yake inaudhi.

Ukinunua iliyotumika, uliza kwanza kama ni T3 au T3x. Tazama vichwa vya skrubu za chini: vikiwa vimechunika, mtu alikaza kwa kubahatisha. Vua kitako, angalia kibamba kama kimebonyea, kisha mulika mdomo wa mtutu kwa tochi. Mkwaruzo hapo unaharibu shabaha kuliko kutu yote iliyo nje.