Danse Folle: ngoma inayompata hata mwenzako

Danse Folle ni mbinu katika michezo ya video ya Pokémon, na maelezo yake kwenye skrini ni mafupi mno: anayecheza anawatia kizunguzungu Pokémon wote walio karibu naye. Neno la kushika hapo ni "wote". Katika pambano la wawili kwa wawili, hao ni wapinzani wawili, na pia mwenzako, yaani Pokémon wako wa pili aliyesimama ubavuni. Asiyelizingatia neno hilo hushangaa kuona Pokémon wake mwenye nguvu akijipiga mwenyewe, kisha anailaumu mbinu yenyewe. Mimi naipenda sana mbinu hii, na naamini wengi hapa Goma tunaitumia vibaya. Majina nayaandika kwa Kifaransa, maana ndivyo wengi wetu tunavyoyasoma kwenye mchezo.

Danse Folle ni mbinu ya aina ya Normal, haina dhara la moja kwa moja, usahihi wake ni 100% na PP zake, yaani mara inazoweza kutumika, ni 20. Onde Folie, mbinu nyingine ya kizunguzungu ambayo watu wengi huichagua bila kufikiri, nayo ina usahihi wa 100%, lakini ina PP 10 tu na humpata mlengwa mmoja. Kwa kuwa Danse Folle haipigi, aina ya Spectre nayo haikwepi: mizimu hushikwa na kizunguzungu kama wengine. Kuna tofauti nyingine ambayo watu husahau. Mentali mwenye Miroir Magik, uwezo wa kurudisha mbinu kwa aliyeituma, anakurudishia Onde Folie, lakini Danse Folle hairudishi, inampata palepale aliposimama. Miongoni mwa vinavyoizuia kweli ni Abri (mbinu ya kujikinga), Clonage (mbinu ya kuweka nakala mbele yako), na uwezo uitwao Tempo Perso, unaomkinga mwenye nao na kizunguzungu.

Sasa kizunguzungu chenyewe. Mchezo huchagua kimyakimya ni mara ngapi kitamsumbua aliyepatwa: mara 1 hadi 4 kati ya zile anazojaribu kushambulia. Kila mara kuna uwezekano kwamba atajipiga badala ya kufanya alichoamriwa. Kuanzia matoleo ya zamani hadi ya 2014 uwezekano huo ulikuwa 50%. Soleil na Lune zilipotoka mwaka 2016 ulishushwa hadi thuluthi moja, yaani kama 33%. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na mazoea ya zamani hayajafuata. Ukipiga hesabu, zamani mpinzani aliyebaki uwanjani mpaka kizunguzungu kiishe alikuwa na nafasi kama 23% tu ya kutoka bila kujipiga hata mara moja. Sasa nafasi hiyo ni kama 40%. Kwa hiyo anayecheza matoleo mapya asiijenge timu yake yote juu ya bahati hii. Aichukulie kama mzigo anaoutua begani kwa wapinzani wawili kwa zamu moja.

Pigo la kujipiga lina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayokuambia umchezee nani. Ni pigo la mwili lenye nguvu 40, halina aina, wala haliwezi kuwa coup critique, yaani pigo la bahati lenye nguvu zaidi. Linatumia Attaque (nguvu ya kupiga) ya aliyepatwa dhidi ya Défense (nguvu ya kuhimili) yake mwenyewe. Kwenye kiwango cha 50, kama Attaque na Défense ziko sawa, anapoteza HP (uhai) 16 hadi 19. Akiwa ametoka kutumia Danse-Lames, Attaque imekuwa mara mbili, na pigo hilohilo linakuwa HP 31 hadi 37. Ndiyo maana Carchacrok aliyejiongezea nguvu ni windo zuri, na Noctali, mwenye Attaque ndogo na Défense kubwa, anajikuna tu. Lakini kumbuka kwamba kwa yeyote yule, kujipiga kunakula pia zamu yake, na mara nyingi zamu iliyopotea inauma kuliko HP.

Usihofu ikiwa Pokémon wako anayecheza ngoma ni mwenda pole. Hesabu ya kizunguzungu husonga pale tu aliyepatwa anapojaribu kushambulia. Ukicheza wa mwisho baada ya wote kumaliza, hujapoteza kitu, wataamka nacho zamu inayofuata. Kinachofuta kazi yako ni kubadilishwa: Pokémon akirudi ndani ya Poké Ball, kizunguzungu kinaisha papo hapo. Kwa sababu hiyo mmoja kwa mmoja siipendekezi kabisa, mpinzani atabadilisha na wewe umeshapoteza zamu. Wawili kwa wawili ni hadithi nyingine, kwani kuwabadilisha wote wawili maana yake hakuna anayekushambulia zamu hiyo.

Basi mwenzako tumfanyeje? Dawa nyepesi ni Abri: mwenzako anajikinga zamu ileile unayocheza, maana Abri hutangulia, na Danse Folle inampita. Ubaya wake ni kwamba hafanyi kitu kingine zamu hiyo, na Abri ikirudiwa mfululizo huanza kushindwa. Baie Kika, tunda la kuponya kizunguzungu, ni ya mara moja tu. Inamponya peke yake, kisha imekwisha. Dawa ya kudumu ni kumchagua mwenzako mwenye Tempo Perso. Bourrinos ndiye ninayemsifu kuliko wote: Attaque yake ya msingi ni 125, anakwenda pole, na kizunguzungu hakimgusi. Kwenye matoleo ya kabla yake tumia Groret au Flagadoss. Ludicolo naye anayo, lakini kama uwezo uliofichwa. Fungua ukurasa wake uhakikishe kabla ya pambano, kwani Pokémon wa jina moja huweza kuwa na uwezo tofauti, na hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Upande wa Pokémon wachezaji ngoma, Spinda ndiye mwenyewe. Alianza kwenye matoleo ya Rubis na Saphir, zilizotoka Japani Novemba 2002, mwaka uleule ambao Januari lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu. Anapatikana Route 113 ya Hoenn, nchi ya mchezo huo, mahali ambapo majivu ya volkano ya Mont Chimnée hayaachi kudondoka. Mtu wa Goma anayaelewa majivu hayo bila kuelezwa. Namba zake zote sita za msingi ni 60, kwa hiyo usimtegemee kwa kupiga. Acheze, asaidie, basi. Hayumo kwenye Épée na Bouclier wala Écarlate na Violet.

Fragilady ana nguvu zaidi, ila ana mtego. Kwenye Noir na Blanc anajifunza Danse Folle kiwango cha 10, naye Chlorobule, umbo lake la awali, hajifunzi kabisa kwa kupanda viwango. Ukimpa Chlorobule Pierre Soleil, jiwe linalomgeuza Fragilady, baada ya kiwango hicho, ameshaipita. Itabidi umpeleke kwa mkumbushaji wa mbinu, naye hulipwa kwa Écaille Cœur moja.

La mwisho ni Plumeline. Uwezo wake, Danseuse, unamfanya aige kila ngoma inayochezwa uwanjani mara inapomalizika, bila kutumia zamu yake. Plumeline akiwa upande wa mpinzani, Danse Folle yako anaweza kuirudia palepale, na nakala hiyo nayo inawalenga wote, Pokémon wako aliyecheza akiwamo. Hapa tu ndipo mchezaji mwenyewe anapohitaji Tempo Perso. Spinda anaweza kuwa nayo, Fragilady pia. Kwa hiyo Spinda wa Contestation (uwezo unaogeuza upungufu wa nguvu kuwa ongezeko), anayependwa kwa sababu ya mbinu ya Surpuissance, muache nyumbani siku ya kucheza ngoma. Na ukimwona Plumeline kwenye timu ya mpinzani kabla ya pambano kuanza, mmalize yeye kwanza, ndipo ucheze.