Nilivyojifunza kupiga kafi juu ya msitu uliozama

Kwa muda mrefu nililichukulia bwawa kama ziwa. Kwa macho vinafanana: maji mapana, msitu ulioshuka hadi ukingoni, ukungu wa asubuhi, ndege wametua kwenye miti mikavu iliyochomoza majini. Tofauti yake niliijua siku kayaki yetu, mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, ilipopinduka.

Tulikuwa wawili, mdogo wangu mbele na mimi nyuma. Tulitoka saa nane mchana, upepo ukitusukuma mgongoni, tukaufurahia kwa sababu kafi lilikuwa jepesi mkononi. Kama mita mia moja kutoka ukingoni, omo, ile ncha ya mbele ya kayaki, ilipanda juu ya kitu tusichokiona. Chombo kikasimama ghafla, kikageuka ubavu, wimbi likamalizia. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini yalikuwa baridi kiasi kwamba pumzi ilinikatika. Jua hupasha tabaka la juu tu, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, yanabaki huko huko yakielea juu ya yale ya baridi. Halafu maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo mwili hupoa upesi kuliko unavyodhani ukiwa nchi kavu.

Kilichotuokoa ni majaketi ya kuokoa maisha, tena yaliyofungwa vizuri hadi juu. Kabla ya kutoka nilikuwa nimemnyanyua mdogo wangu kwa kushika mabega ya jaketi lake. Lilipopanda hadi masikioni nikamkazia mikanda. Jaketi lililolegea hukuacha ukizama ndani yake. Pale majini nilimwambia, "Usiogelee kwanza, shika kayaki, vuta pumzi." Baada ya dakika moja hivi pumzi zilirudi, tukaanza kupiga miguu taratibu kuelekea ukingoni bila kuachia chombo.

Mzee mmoja anayelinda upande ule alikuwa ametuona, akaja na kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmepanda kisiki?"

"Hata hatukukiona, mzee."

"Hamwezi kukiona. Hili si ziwa, ni bonde. Mkitaka kulijua, njooni maji yakipungua."

Tulirudi wakati wa kiangazi, bila kayaki. Maji yalikuwa yameshuka mita kadhaa, yakaacha mkanda mpana wa udongo mtupu kati ya msitu na ukingo. Tulitembea juu ya mkanda huo tangu asubuhi hadi jioni, na kwangu mimi hiyo ndiyo siku niliyojifunza zaidi ya siku zote. Visiki vilikuwa vimesimama kwa mamia, kwa mpangilio ule ule wa msitu wa juu: vimesongamana kwenye mteremko, vimeachana palipokuwa tambarare, na havipo kabisa kwenye mkondo wa mto wa zamani. Nilikigusa kimoja kilichokuwa nusu ndani ya maji. Juu kilikuwa cheupe na kikavu kama mfupa, katikati kimevaa utelezi wa kijani kama sabuni, na chini, nilipopitisha mkono, mti ulikuwa mgumu na mzima, na alama za shoka bado zinahisika kwa kidole. Mti uliozama kabisa hauozi upesi, kwa sababu kule chini hewa ya oksijeni ni kidogo mno kwa wadudu na kuvu wanaokula mbao. Maana yake kisiki unachokikwepa leo, na wajukuu zako watakikwepa.

Tatizo hili si dogo wala si la bwawa moja. Ziwa Volta kule Ghana lilianza kujaa miaka ya 1960 nyuma ya bwawa la Akosombo, likafunika eneo la kilomita za mraba 8,500 hivi pamoja na misitu yake, na watu wamepoteza maisha humo kwa vyombo vyao kugonga visiki. Kwenye bwawa la Kariba, katika mto Zambezi, malango yalifungwa mwaka 1958 ili maji yajae, na kabla ya hapo sehemu za msitu zilikuwa zimefyekwa makusudi ili nyavu za wavuvi zisinase.

Baada ya matembezi yale nilitafuta ramani iliyochorwa kabla bwawa halijajengwa. Zile kontua tulizochoshwa nazo darasani, mistari inayoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, zilikuwa hazina kazi kwangu hadi siku hiyo. Nilitia rangi ya samawati kwenye mkondo wa mto, nyekundu kwenye miteremko yenye msitu, nikaweka karatasi kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mbele yangu. Tangu hapo sipigi kafi ovyo. Nafuata mto uliozama, kona kwa kona, kana kwamba bado unapita. Nikilazimika kukatiza juu ya rangi nyekundu naenda polepole, aliyekaa mbele akichungulia majini, na jua likiwa nyuma yetu ili mng'ao usimzibe macho.

Upepo nao hufuata bonde. Asubuhi maji huwa shwari kama kioo. Kufikia mchana upepo huingia kwenye mkono mrefu wa bwawa, na kwa kuwa hakuna cha kuuzuia, wimbi hukua kadiri linavyosafiri. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza na upepo mgongoni. Siku hizi naanza kwa kuukabili nikiwa na nguvu, ili unisaidie kurudi, na sehemu pana navuka kabla ya saa nne asubuhi. Ukinikuta katikati, nakimbilia ukingo ule unakotokea upepo, maana hapo miti hukinga na maji hutulia.

Kulala kulinifundisha kwa uchungu kidogo. Safari moja niliacha kayaki ikigusa maji, nikaamka nikaikuta kwenye tope, hatua ishirini kutoka ukingoni, kwa sababu usiku maji yalikuwa yametolewa kuzalisha umeme. Tope lile lilinimeza hadi magotini. Mambo yanaweza pia kuwa kinyume: mvua ikinyesha milimani, wewe umelala chini ya anga safi, maji yanapanda hadi hemani. Kwa hiyo natafuta ule mstari wa takataka na magogo ambao maji yaliuacha yalipojaa, kisha napanda juu yake, ndani ya msitu, nikiangalia kwanza kama kuna mti mkavu au tawi lililovunjika juu ya kichwa changu. Choo nachimba hatua mia moja kutoka majini. Haya maji watu wanayanywa.

Na kwenye ukuta wa bwawa siendi. Maji yanayovutwa kuelekea kwenye mitambo hayaonyeshi chochote juu, na lango likifunguliwa hutakuwa na muda wa kugeuza chombo. Maboya yaliyopangwa pale ndiyo mwisho wangu, hata samaki wakiruka upande wa pili.

Mwaka uliofuata tulilizunguka bwawa zima, mimi na mdogo wangu, kwa siku tatu. Siku ya pili tuliingia kwenye mkono mwembamba wa bwawa ambamo matawi yalikutana juu yetu, tukaacha kupiga kafi, ikabaki sauti ya matone yakidondoka kutoka kwenye makafi. Fisimaji wawili walitoka, wakatutazama, wakazama. Hatukuongea hadi tulipotoka.

Siku ya tatu asubuhi tulifika karibu na pale tulipopindukia. Ramani ilisema mkondo uko kushoto, mteremko kulia. Mdogo wangu alisimamisha kafi lake wima na kulishusha majini upande wa kulia. Halikuzama hata nusu ya urefu wake, likagonga mbao.

"Bado kipo," alisema.

Tukakata kushoto, tukaingia juu ya mto, tukaufuata hadi gatini.