PTH ikiwa juu, soma kalsiamu kwanza

Majibu yakionyesha homoni ya parathairoidi (PTH) iko juu na vitamini D iko chini, wengi hukimbilia vidonge. Tafuta kwanza namba ya tatu: kalsiamu, iliyopimwa kwenye damu ya siku hiyohiyo.

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, nyuma ya thairoidi shingoni. Vitamini D ikipungua, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo. Tezi hutoa homoni zaidi, nayo huchota kalsiamu kwenye mifupa. Kwa hiyo kalsiamu ya damu huweza kusomeka sawa huku mifupa ikidhoofika. Tezi zenyewe hapo si mbovu, zimelemewa tu.

Kalsiamu ikiwa juu, ugonjwa ni mwingine, maana upungufu wa vitamini D haupandishi kalsiamu. Mara nyingi tezi moja ina uvimbe usio wa saratani. Hata PTH "ya kawaida" hapo inatia shaka: kalsiamu ikizidi, tezi zenye afya hupunguza homoni. Tena uvimbe huo wenyewe hushusha vitamini D, kwa kuwa homoni ikizidi huifanya itumike haraka. Tafadhali usijipe dozi kubwa katika hali hii. Vitamini D hurudishwa kwa dozi ndogo, daktari akifuatilia kalsiamu.

Kipimo sahihi ni 25-hidroksi vitamini D. Chini ya 20 ng/mL (50 nmol/L) ni upungufu. Kipimo cha aina ya 1,25 (vitamini D iliyokwisha kuamilishwa na mwili) hupotosha, kwani PTH huipandisha hata akiba ya vitamini D ikiwa imeisha. Albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) ikiwa chini, kalsiamu ya jumla husomeka chini kuliko hali halisi. Vidonge vya bayotini, vile vya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine za kupimia PTH, basi mwambie mpimaji kama unavitumia. Pima pia kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), kwa sababu figo dhaifu nazo hupandisha PTH.

Kalsiamu ikiwa ya kawaida au chini kidogo na figo ni nzima, dozi inayotumika sana kwa mtu mzima ni yuniti 50,000 mara moja kwa wiki (si kwa siku!) kwa wiki 8, kisha dozi ndogo ya kila siku. Rudia vipimo vyote vitatu baada ya miezi 3. PTH ikishuka, chanzo kilikuwa upungufu. Vitamini D ikijaa na kalsiamu ikavuka kiwango, kulikuwa na uvimbe uliofichwa na upungufu huo. Na PTH ikigoma kushuka huku kalsiamu ikiwa sawa, chunguza kalsiamu ya chakulani, ufyonzaji wa utumbo, na dawa kama lithiamu (ya magonjwa ya akili).