Nyumba isiyo na mlango, yenye madirisha elfu kumi

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Jibu kila mtu analijua: yai. Ila aliyekitunga alitubania nusu ya habari. Mlango kweli hamna, lakini madirisha yamo, yaani vitundu vya ganda, karibu elfu kumi kwenye yai moja la kuku, vidogo mno kuonekana kwa macho tu. Kwa nini yai la siku nyingi huelea? Kwa nini yai la leo likichemshwa halimenyeki? Kifaranga hupumua nini humo ndani? Kwa nini mashine ya kutotolesha imetoa nusu tu ya vifaranga? Majibu yote yanapitia kwenye madirisha hayo.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ganda lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.4 hivi, na karibu asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya chokaa. Yai zima huundwa kwa saa 24 hadi 26, na kati ya hizo, kama saa 20 huliwa na ganda peke yake; ute na tando hukamilika katika saa chache za mwanzo. Ganda moja linahitaji gramu 2 hivi za kalsiamu. Ganda hujengwa zaidi usiku, wakati kuku halishwi, kwa hiyo kalsiamu inayopungua anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mtaga mzuri asiyepewa chokaa ya kutosha huanza na maganda mepesi, kisha miguu ikalegea. Rangi ya kahawia nayo hupakwa saa za mwisho mwisho, juu juu tu. Vunja yai la kahawia uangalie ndani ya ganda: ni jeupe, au karibu na jeupe.

Ndani ya ganda kuna tando mbili zilizoshikana. Yai linapotoka lina joto la mwili wa kuku, nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na limejaa pomoni. Likianza kupoa, vilivyomo ndani vinasinyaa, lakini ganda halisinyai. Hewa inaingia kwa kuvutwa, na mahali pa kuingilia ni upande mnene, ambako vitundu ni vingi zaidi. Pale tando zinaachana, na pengo linalobaki ndilo chumba cha hewa. Kile kibonyeo unachokikuta kwenye kitako cha yai la kuchemsha ni hicho hicho.

Ukitaka kukiona kabla ya kuchemsha, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, kunja ngumi juu yake ubakize tundu dogo la kupitishia mwanga, kisha kalisha upande mnene wa yai kwenye tundu hilo. Utaona mstari uliopinda, na juu yake pameng'aa kuliko kwingine. Yai la leo lina chumba chembamba kama milimita 3. Kadiri siku zinavyokwenda mstari unashuka. Ganda jeupe linakubali kirahisi. La kahawia iliyokolea linahitaji tochi kali.

Sasa kuelea. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba yai la zamani "limejaa hewa, kwa hiyo ni jepesi". Si kweli hasa, kwani hewa inayoingia haipunguzi uzito wa kitu chochote. Kinachopunguza uzito ni maji yanayotoka kama mvuke kupitia vitundu, huku ganda likibaki na ukubwa ule ule. Chukua yai la gramu 60 lenye ujazo wa mililita 55. Likizama, linasukuma kando gramu 55 za maji. Lenyewe ni zito kuliko hizo, basi linakaa chini. Siku litakapokuwa limepoteza zaidi ya gramu 5 za maji yake, litaelea. Kabla ya hapo linapita hatua za kati: la siku chache linalala ubavu, la wiki moja au mbili linainua kitako, la zamani zaidi linasimama wima kwa ncha yake nyembamba.

Maana yake, bakuli la maji linakupimia kiasi cha mvuke uliotoka, basi. Halijui lolote kuhusu kuoza. Yai lililokaa wiki mbili mahali pa joto na pakavu linaweza kuelea na likawa salama, na lenye ufa lililovamiwa na bakteria linaweza kuzama vizuri likawa viza. Linaloelea livunje kwenye kikombe peke yake, ulinuse. Harufu ya yai viza haina haja ya kuelezwa.

Kuosha ni jambo linalofanywa kwa nia njema likaharibu. Juu ya ganda kuna utando mwembamba uliokaukia hapo baada ya kutagwa, unaoziba sehemu kubwa ya vitundu. Ukiusugua unaondoka. Kibaya zaidi ni maji ya baridi juu ya yai lenye joto: vilivyomo ndani vinasinyaa, na vitundu vinafyonza maji ya nje pamoja na uchafu wake, bakteria wa salmonela wakiwemo. Ikibidi kuosha, maji yawe na joto la kupita yai kwa angalau nyuzi 11, osha upesi bila kuloweka, kausha, weka kwenye friji. Marekani mayai ya viwandani huoshwa na hukaa kwenye baridi. Katika Umoja wa Ulaya yale ya daraja A kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa. Taratibu zote mbili zina mantiki. Kisicho na mantiki ni kuosha kisha kuliacha mezani.

Lisilomenyeka nalo tulimalize. Yai jipya lina kaboni dayoksaidi nyingi iliyoyeyuka kwenye ute. Ndiyo inayoufanya ute uwe na ukungu kidogo. Gesi hiyo hutoka polepole kupitia vitundu, na ute unazidi kuwa wa alikali: kutoka pH (kipimo cha asidi na alikali) ya 7.6 hivi hadi 9 na zaidi ndani ya siku chache. Ute ambao haujafika huko ukipikwa unang'ang'ania utando wa ndani, na ukimenya unabandua vipande vya nyama ya yai. Tumia mayai ya wiki moja hivi, yatie kwenye maji ambayo tayari yanachemka, kisha yahamishie kwenye maji baridi sana mara yanapoiva. Anza kumenya kwenye kitako. Ule mzingo wa kijani kibichi kuzunguka kiini ni salfa ya ute iliyokutana na madini ya chuma ya kiini kwa sababu umepika mno. Unachukiza macho tu, hauna dhara.

Je, yai ni kitu hai? Swali hili huleta ubishi usio wa lazima. Kwenye kiini kuna doa jeupe la milimita 3 hivi, na humo ndimo uhai ulimo kama upo. Kuku hutaga bila jogoo, na doa la yai la namna hiyo ni dogo, limejaa weupe, kingo zake hazina mpangilio. Yai lililorutubishwa doa lake limekaa kama pete, katikati kweupe kidogo na mviringo safi nje. Siku ya kutagwa lina seli makumi ya maelfu tayari, kwa sababu lilianza kukua ndani ya mama. Likipoa chini ya nyuzi 20 hivi, linasimama likisubiri. Ndiyo maana unaweza kukusanya mayai kwa wiki nzima kwenye nyuzi 15 hadi 18, ukayatia siku moja, na vifaranga wakatoka pamoja. Zaidi ya siku 7, wanaotoka wanaanza kupungua. Zile nyuzi nyeupe zilizosokotana pembeni ya kiini si kijusi. Ni kamba za kukishikilia kiini katikati. Tone la damu nalo si dalili ya jogoo, ni kimshipa kilichopasuka wakati kiini kinatoka.

Kinachovutia zaidi kinaanza pale joto linapopanda hadi nyuzi 37.5. Wanasayansi Hermann Rahn, Amos Ar na Charles Paganelli walichapisha hesabu yake mwaka 1979: yai la gramu 60, kwa siku zote 21, huingiza lita 6 hivi za oksijeni, hutoa lita 4.5 za kaboni dayoksaidi na lita 11 za mvuke, ambao ni kama gramu 9 za maji. Yote hayo bila kifua kupanda wala kushuka. Gesi zinajipenyeza tu kutoka zilipojaa kwenda zilipopungua. Kwa ndani, kijusi kinaotesha utando wenye mishipa ya damu unaojibandika chini ya ganda, na kufikia siku ya 12 hivi umeshalizunguka karibu lote. Hilo ndilo pafu lake. Ukilimulika yai siku ya 7 utaiona mishipa imetawanyika kama mizizi, na katikati doa jeusi linalotikisika. Yai linalong'aa tupu siku hiyo, litoe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Yale maji lazima yatoke, na yatoke kwa kipimo. Hadi siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Usikisie, pima. Weka mayai 20 kwenye trei, toa uzito wa trei, uandike. Tuseme ni gramu 1,200. Siku ya 9 unatarajia kama 1,122, na siku ya 18 kati ya 1,032 na 1,056. Ukikuta 1,150 siku ya 9, hewa ya mashine ina unyevu mno. Punguza chombo cha maji, na kumbuka kwamba kinachotoa mvuke ni upana wa maji, wala si kina chake. Ndoo nyembamba iliyojaa inafanya kazi ndogo kuliko sinia lenye maji ya kidole kimoja. Kwa mashine yenye feni, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 hadi siku ya 18 kwa kawaida unatosha, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho.

Unyevu ukizidi, chumba cha hewa hakikui. Kifaranga anakuwa mkubwa, amevimba, na anapotaka kupumua mara ya kwanza anakuta maji badala ya hewa. Unyevu ukipungua mno, anakuwa mdogo, na utando unamkaukia mwilini kama karatasi. Ukivunja mayai yaliyokufa siku ya 20, mambo haya mawili yanatofautika waziwazi, na yanakuonyesha cha kurekebisha mara ijayo. Vilevile mayai yasiyogeuzwa kijusi chake hunata kwenye utando. Geuza angalau mara tatu kwa siku, acha siku ya 18. Yakikaa wima, upande mnene uwe juu. Kifaranga aliyeelekeza kichwa upande mwembamba mara nyingi hafiki, kwa sababu chumba cha hewa hakipo huko.

Na sasa rudi kwenye lile bakuli. Yai la siku ya 18 limeshapoteza gramu 7 au 8. Litaelea, na lina kifaranga hai ndani yake.

Siku ya 19 au ya 20 kifaranga anatoboa utando na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa. Hapo mapafu yanaanza kazi, na ukilisogeza yai sikioni unaweza kumsikia akilia humo ndani. Hewa ile haimtoshi kwa muda mrefu, kaboni dayoksaidi inapanda, shingo inakakamaa na kuruka, na kijino kigumu kilichoota juu ya mdomo kinapasua ganda. Kutoka ufa wa kwanza hadi kutoka nje hupita saa 12 hadi 24, na saa nyingi kati ya hizo anaonekana kama amekata tamaa. Mwache. Ule utando wenye mishipa bado una damu, na kiini kilichobaki bado kinavutwa kuingia tumboni mwake. Ukimenya kwa huruma ukaona damu, umewahi. Usifungue mashine pia: unyevu unashuka ghafla na wote waliokwisha kutoboa wanakaukiwa pamoja.

Akishatoka, okota kaka lake uliangalie kwa ndani kabla ya kutupa. Utando una michirizi ya mishipa iliyokauka, na kando yake kuna kibonge cheupe kama chokaa iliyololoana. Hicho ni choo chake cha siku zote alizokaa humo. Dirishani hutoka gesi na mvuke tu, kwa hiyo mkojo wa kawaida usingekuwa na pa kwenda na ungemuua. Figo zake hutengeneza asidi ya uriki, ambayo haiyeyuki kirahisi, akairundika kwenye kifuko pembeni, akatoka akaiacha.