4417 zilikuwa mbili

Hii ilikuwa Ramadhani ya 2018, mie kijana wa kompyuta kwa hospitali moja hapa kisiwani Mombasa iliyokuwa na kliniki yake ng'ambo, Likoni. Nilipewa kazi ya kuunganisha sistimu ya kliniki na maabara ya huku, sampuli ivuke feri lakini majibu yarudi yenyewe kwa kompyuta, asingojewe mtu wa karatasi.

Alasiri moja sista wa zamu akaniita, "Mwanangu, hebu njoo uone." Kwa faili ya mama mmoja kiwango cha damu kimeandikwa 5.8, kidogo mno cha kutisha, na mama mwenyewe huyo hapo kwenye benchi, kapakata mjukuu, anapiga soga, na wala siku hiyo hajatolewa damu. Sista hakuniuliza kompyuta imefanya nini. Aliniuliza, "Sasa mwenye hii 5.8 yuko wapi?"

Yalinikata maini yale maneno. Tukakimbilia daftari la maabara, lile kubwa la kuandika kwa biro, tukapata jina: mjamzito wa miezi saba, wa Likoni, namba 4417. Na mama wa kwenye benchi naye pia 4417. Simu ya yule mjamzito haishiki, ikabidi nivuke feri na mhudumu wa afya wa mtaani akanipeleka hadi kwao Mtongwe, tukamkuta kalala kwenye mkeka, kizunguzungu, yeye anadhani ni saumu tu. Tukamtia kwenye tuktuk, feri ikatuchelewesha karibu nusu saa na sitaisahau ile nusu saa, lakini usiku ule ule alitiwa damu.

Kosa lilikuwa langu. Ile 4417 haikuwa namba ya mtu, ilikuwa namba ya mstari kwenye databesi ya Likoni, na databesi ya kisiwani nayo ilianza kuhesabu kutoka moja, kwa hivyo kila namba ndogo ilikuwa na pacha wake ng'ambo. Ujumbe wa HL7, ile lugha kompyuta za hospitali hutumiana taarifa, una mahali pa namba za mgonjwa, PID-3, na pale hauweki namba tupu, unasema na aliyeitoa na ni namba ya aina gani. Ingekuwa hivi: 4417^^^LIKONI^MR, yaani namba ya faili ya hospitali, iliyotolewa Likoni. Mie nilituma 4417 peke yake, basi kompyuta ya huku ikaipokea kama yake.

Usiku ule baada ya tarawehe nilikaa kurekebisha. Nikaona pia kwamba kuna mahali nilikuwa nimechanganya namba ya faili na namba ya ziara, na hizo ni mbali kabisa, mama akija kliniki mara tatu ana ziara tatu lakini faili ni moja. Wakubwa walisema tutumie namba ya kipande, kitambulisho cha taifa, tu tumalize, nikakataa, mtoto mchanga ana kipande gani? Na wangapi wanakuja wamekiacha nyumbani? Kipande kiwepo kwenye orodha, na aina yake iandikwe, lakini kisibebe mzigo wote peke yake.

Miaka baadaye nilipoanza kusoma FHIR, mtindo mpya wa HL7, watu darasani walikuwa wanalalamika mbona rekodi moja ina vitambulisho vya namna mbili, kimoja cha rekodi pale kwenye seva, ambacho ukihamisha data kwenda seva nyingine kinaweza kubadilika, na kingine cha mgonjwa, kinachokuja na anwani ya aliyekitoa na kinatembea na mtu popote. Mie sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Niliona mkeka wa Mtongwe.

Yule mama alijifungua salama, mtoto wa kike. Kadi yake mpya niliichapisha mwenyewe, imeandikwa Likoni kabla ya namba, na sista akaichukua akaisoma, kisha bado akaandika jina lote kwa biro kwenye daftari lake.